Susanne Ljungskog, bingwa aliyecheza mbali na kwao

Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba 2003, mjini Hamilton nchini Kanada, Susanne Ljungskog wa Uswidi alivuka mstari wa kumalizia mbele ya Mirjam Melchers wa Uholanzi na Nicole Cooke wa Uingereza, akawa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani kwa mwaka wa pili mfululizo. Siku iliyofuata, huko Carson katika jimbo la California, timu ya taifa ya Uswidi ya soka la wanawake iliingia uwanjani kucheza fainali ya Kombe la Dunia na Ujerumani. Uswidi ilitangulia kwa bao la Hanna Ljungberg, ikasawazishiwa, na katika muda wa nyongeza ikafungwa kwa kichwa na Nia Künzer, bao la dhahabu lililoumaliza mchezo papo hapo. Katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wasiofika milioni 9, zaidi ya milioni 3 waliifuatilia fainali hiyo kwenye televisheni. Wikiendi hiyo moja iliwapa Waswidi ushindi na kipigo, na kilichokaa vichwani mwa wengi ni kile kipigo.

Sisemi haya kuwabeza wachezaji wale wa soka, ambao walistahili kila shangwe waliyopigiwa. Nayasema kwa sababu habari za Ljungskog, pale zinaposimuliwa, hufungwa haraka kwa lalamiko la jumla kwamba michezo ya wanawake haithaminiwi, na lalamiko hilo haliielezi Uswidi ya miaka ile. Mwezi Mei wa mwaka huo huo Annika Sörenstam alikuwa amecheza gofu na wanaume huko Fort Worth, Texas, mwanamke wa kwanza kushiriki shindano la ngazi hiyo tangu mwaka 1945, na nchi yake yote ilimfuatilia. Mwezi Agosti Carolina Klüft, msichana wa miaka 20, alitwaa dhahabu ya dunia ya michezo saba jijini Paris kwa kuvuka pointi 7,000. Hao ni wanawake, na walikuwa nyota wakubwa kuliko wanamichezo wengi wa kiume wa nchi yao. Jinsia, basi, ni sehemu ya maelezo, lakini haitoshi.

Hoja yangu ni nyembamba kuliko hiyo. Naamini umaarufu wa mwendesha baiskeli hujengwa na saa za televisheni na ukaribu wa barabara anazopita, kabla hata ya kuhesabu mataji yake, na kwamba Ljungskog alivikosa vyote viwili nyumbani kwao. Mcheza kwao hutunzwa, wasemavyo wahenga. Yeye alicheza Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Kanada, na waliomtunza walikuwa huko huko.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1976 mjini Halmstad, kwenye pwani ya magharibi ya Uswidi. Taji lake la kwanza la dunia alilipata Oktoba 2002 huko Zolder, Ubelgiji, kwenye uwanja wa mbio za magari ambao ni tambarare karibu wote. Njia ya namna hiyo huwapendelea wenye kasi ya mwisho, wale wanaojificha ndani ya kundi kuu mchana kutwa, wakikingwa upepo na wenzao, hadi zinapobaki mita mia mbili. Mario Cipollini wa Italia alishinda mbio za wanaume hapo hapo kwa njia hiyo hiyo, kundi zima likimiminika nyuma yake. Jukwaa la wanawake lilikuwa na sura nyingine kabisa. Wa pili alikuwa Nicole Brändli wa Uswisi, wa tatu Joane Somarriba wa Hispania, na wote wawili ni watu wa milima, waliokwisha kushinda mashindano ya wiki nzima nchini Italia, Somarriba akiwa pia ameshinda yale ya Ufaransa. Ukiwaona wapanda milima wawili kwenye jukwaa la uwanja tambarare, unajua kwamba mbio hizo ziliamuliwa na wenye pumzi ya kuchomoka, na kwamba aliyeshinda aliweza kwenda nao kisha akawazidi mwishoni. Uwezo huo wa pande mbili, pumzi na kasi, ndio uliomtambulisha Ljungskog katika miaka yake yote.

Hata hivyo taji moja la dunia, katika mchezo huu, huacha mlango wa shaka wazi. Ubingwa huamuliwa kwa siku moja. Mtu anaweza kuamka na miguu myepesi, wapinzani wakuu wakategeana, naye akaondoka na jezi atakayoivaa mwaka mzima. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliofuatilia mashindano ya dunia ya Kigali mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika bara letu, waliliona jambo hili kwa macho yao: waliopigiwa debe walichungana wenyewe kwa wenyewe katika vilima vya jiji lile, na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimweka katika orodha zao, akaondoka na dhahabu. Halipunguzi hilo thamani ya ushindi wake, kwa kuwa kuisoma mbio ni sehemu ya mchezo. Lakini linaeleza kwa nini kulitetea taji ni kazi ngumu kuliko kulipata.

Anayelitetea huvaa jezi nyeupe yenye mistari ya upinde wa mvua kifuani kwa mwaka mzima, na jezi hiyo huonekana hata ukiwa mwisho wa kundi la watu mia moja na hamsini. Kila anaposogea mbele, kuna watu wanne wanaosogea nyuma yake. Akijaribu kuchomoka, hakuna atakayedhani ni majaribio, atafuatwa mara moja. Akikaa kimya, wapinzani hukataa kushika zamu ya kukata upepo kwa sababu hawataki kumbeba hadi mwisho. Mswidi alikuwa na ugumu mwingine zaidi. Katika mashindano ya dunia watu huendesha kwa ajili ya nchi zao wala hawaendeshi kwa ajili ya timu zinazowalipa, na Uswidi haikuwa na rundo la wasaidizi wa daraja la juu kama walivyokuwa nao Waholanzi, Wajerumani au Waitalia. Alipaswa kuokoa nguvu kwa akili, akichagua ni mashambulizi gani ya kuyafuata na yapi ya kuwaachia wengine wayafukuze.

Hamilton, juu ya hayo, haikufanana na Zolder hata kidogo. Ilikuwa mizunguko 10 ya kilomita 12.4, yaani kilomita 124, na kila mzunguko uliwapandisha juu ya mwinuko mkali unaoukata mji ule katika sehemu mbili. Mpanda baiskeli aliyeshinda kwenye tambarare mwaka mmoja na kwenye vilima mwaka uliofuata amekwisha kujibu swali la bahati. Tangu Ljungskog afanye hivyo, wanawake waliofanikiwa kulitwaa taji hilo miaka miwili mfululizo ni watatu tu: Giorgia Bronzini wa Italia mwaka 2010 na 2011, Marianne Vos wa Uholanzi mwaka 2012 na 2013, na Lotte Kopecky wa Ubelgiji mwaka 2023 na 2024. Hawakuliweza Cooke, wala Annemiek van Vleuten, na Anna van der Breggen mwenye mataji mawili aliyapata kwa kupisha mwaka katikati. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuitazama orodha hiyo kisha akamwita Ljungskog bingwa wa daraja la kati.

Kwa nini basi jina lake halikukaa midomoni mwa watu wa kwao kama la Klüft? Baiskeli haikuwa mchezo mgeni kwa Waswidi. Miaka ya 1960 nchi ile ilikuwa na ndugu wanne wa ukoo wa Pettersson, Gösta, Sture, Erik na Tomas, kutoka kijiji cha Fåglum karibu na mji mdogo wa Vårgårda, ambao walikuwa mabingwa wa dunia wa mbio za timu dhidi ya saa mwaka 1967, 1968 na 1969. Familia moja kuishinda dunia mara tatu ni hadithi inayojisimulia yenyewe. Gösta alikwenda mbali zaidi, akawa wa tatu katika Tour de France ya mwaka 1970 na akashinda Giro d'Italia mwaka 1971. Kisha mwaka 1976, Ljungskog akiwa na miezi minne, Bernt Johansson alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mbio za barabarani huko Montreal. Baada ya hapo moto ule ulififia. Kizazi kilichokuwa na miaka 30 wakati wa Zolder kilikuwa kimekua bila bingwa wa dunia wa baiskeli wa kumwiga mitaani, na waandishi wa habari za michezo wa kizazi hicho walikuwa wamekulia kwenye mpira wa magongo wa barafuni, tenisi, na mbio za theluji.

Ajabu ni kwamba Waswidi wenyewe hawajawahi kuacha kupanda baiskeli. Tangu mwaka 1966 huandaliwa safari inayoitwa Vätternrundan, inayoanzia Motala na kulizunguka ziwa Vättern, sasa kwa kilomita 315, katika usiku wa Juni ambao giza lake halifiki kuwa giza. Maelfu kwa maelfu hujitokeza, walimu, mafundi, mabibi na mababu, na kwa miaka mingi wanawake wamekuwa na safari yao fupi zaidi. Lakini hawa ni washiriki, na mshiriki si lazima awe mtazamaji. Mtu aliyemaliza kilomita 315 kwa mkate na supu za njiani anajivunia muda wake mwenyewe. Mbio za kulipwa huko Flanders, eneo la kaskazini mwa Ubelgiji, hazimhusu sana. Ubelgiji mambo ni kinyume. Huko bibi kizee ambaye hajapanda baiskeli kwa miaka arobaini anaweza kukueleza kilima gani kitaamua mbio za Jumapili na nani alianguka hapo mwaka juzi. Kwa mwanamichezo wa kulipwa, huyo bibi ana thamani kubwa kuliko washiriki elfu wa Vätternrundan, kwa sababu ndiye anayesimama barabarani na ndiye anayewasha televisheni.

Na televisheni ndiyo kiini cha shauri. Mbio za baiskeli hazieleweki kwa matokeo. Mtu akisoma gazetini kwamba Klüft amevuka pointi 7,000, amepata habari nzima katika sentensi moja. Akisoma kwamba Ljungskog amewatangulia Melchers na Cooke kwa urefu wa baiskeli moja au mbili, hajaelewa kitu: hajaona zile saa tatu za kujificha, kukataa zamu, kukubali zamu, kumwacha fulani aende na kumfuata fulani, ambazo ndizo zilizozaa ule urefu wa baiskeli. Mchezo huu hupendwa na anayeutazama kwa muda mrefu. Mwaka 2002 na 2003 mbio za wanawake zilionyeshwa moja kwa moja kwa nadra sana nje ya mashindano ya dunia na Olimpiki, na mashindano ya dunia yenyewe yalikuwa Oktoba, wakati ambapo ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Uswidi imekwisha kuanza na kurasa za michezo zimejaa. Waswidi walioneshwa hitimisho mara mbili, bila kuoneshwa hadithi iliyolizaa.

Muundo wa mchezo wenyewe nao ulikuwa umekonda. Mbio za Flanders kwa wanawake zilianza mwaka 2004, baada ya Ljungskog kuwa tayari na mataji yake mawili, ilhali wanaume walikuwa wakizikimbia tangu mwaka 1913. Paris–Roubaix, mbio maarufu za siku moja za Ufaransa, ilisubiri hadi mwaka 2021 kuwa na mbio za wanawake. Mashindano makubwa ya wanawake nchini Ufaransa yalikuwa yamezuiwa kutumia jina la Tour, yakajiita Grande Boucle, yakapungua mwaka hadi mwaka hadi yakafa baada ya mwaka 2009. Chama cha Kimataifa cha Mchezo wa Baiskeli, UCI, kiliweka kima cha chini cha mshahara kwa timu za wanawake za daraja la juu mwaka 2020 tu, kikianza na euro 15,000 kwa mwaka na kufikia zaidi ya 32,000 mwaka 2023. Bingwa wa dunia wa mwaka 2003 alifanya kazi katika soko ambalo wenzake wengi hawakulipwa chochote cha kuweza kuishi.

Kuna jambo moja katika kazi yake ambalo wasimulizi hulipita haraka, nami nadhani ndilo linaloonyesha ukubwa wake vizuri zaidi. Mwaka 2007, akiwa na miaka 31, Ljungskog alishinda Tour de l'Aude, mashindano ya hatua ya kusini mwa Ufaransa yaliyokuwa miongoni mwa marefu na magumu kuliko yote katika kalenda ya wanawake, na mwaka 2008 akarudi akayashinda tena. Hapo hapakuwa na siku moja ya bahati. Mashindano ya hatua huhesabu jumla ya muda wa siku zote, kwa hiyo hukuadhibu kwa kila usiku uliolala vibaya, kila mteremko ulioogopa na kila tairi lililopasuka. Mwaka 2007 alikuwa katika timu ya Flexpoint ya Uholanzi, ambako mmoja wa wenzake alikuwa Mirjam Melchers, yule yule ambaye Ljungskog alimshinda Hamilton. Maisha ya mchezo huu ndivyo yalivyo: Oktoba mnafukuzana kwa bendera, na msimu ukianza mnakatiana upepo kwa mshahara. Tour de l'Aude ilifungwa baada ya mwaka 2010, na pamoja nayo ikafutika nusu ya ushahidi wa ubora wa Ljungskog, kwa kuwa taji la mashindano yasiyokuwepo tena halina wa kulikumbusha kila mwaka.

Mlango ambao ungeweza kubadili yote ulikuwa Athens, Agosti 2004. Alikwenda huko akiwa bingwa wa dunia aliye madarakani, na dhahabu ikachukuliwa na Sara Carrigan wa Australia. Wiki hiyo hiyo Klüft, Stefan Holm na Christian Olsson waliiletea Uswidi dhahabu tatu za riadha katika muda wa siku mbili, na sura zao zikawa sura za kizazi. Olimpiki haikuwahi kumpa Ljungskog medali. Kwa mpenzi wa baiskeli jezi ya upinde wa mvua iko juu ya medali ya Olimpiki, au walau sawa nayo. Kwa mtazamaji wa kawaida wa Uswidi, ambaye hukutana na mchezo huu mara moja katika miaka minne, jezi hiyo ni fulana nzuri tu.

Uthibitisho wa hoja hii ni Emma Johansson, aliyezaliwa Sollefteå mwaka 1983 na hana uhusiano wa damu na yule Bernt. Yeye ni kinyume cha Ljungskog kwa kila hali. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa wa tatu Geelong mwaka 2010, wa pili Florence mwaka 2013 nyuma ya Vos, na wa tatu tena Ponferrada mwaka 2014. Lakini tarehe 10 Agosti 2008, katika mvua iliyokuwa ikipiga karibu na Ukuta Mkuu wa China, alikuwa miongoni mwa wanawake watano waliofika pamoja kwenye mwinuko wa mwisho wa mbio za Olimpiki za Beijing. Nicole Cooke, aliyekuwa na matairi mepesi, aliikata kona ya mwisho kwa uangalifu mkubwa, akaachwa nyuma kidogo, na kwa muda mfupi ilionekana dhahabu iko kwa yeyote kati ya wale wanne waliobaki. Kisha Cooke akainuka juu ya pedali akawapita wote, Johansson akawa wa pili na Tatiana Guderzo wa Italia wa tatu. Uswidi haikupata dhahabu hata moja katika michezo ile. Katika ukame huo fedha ya msichana wa miaka 24 ilikuwa mvua kweli kweli.

Miaka minane baadaye, Rio de Janeiro, ilikuwa karibu hivyo hivyo. Van Vleuten alianguka vibaya kwenye mteremko wa Vista Chinesa akiwa anaongoza, Mara Abbott wa Marekani akabaki peke yake mbele, na nyuma yake watatu, van der Breggen, Johansson na Elisa Longo Borghini, wakashirikiana kumfukuza kwenye barabara ya ufukweni. Walimnasa zikiwa zimebaki mita mia na kitu. Van der Breggen alishinda, Johansson akawa wa pili tena. Miezi minne kabla ya hapo, katika mbio za Flanders, alikuwa ameshindwa na Lizzie Armitstead kwa tofauti iliyohitaji picha kuamuliwa. Mwisho wa msimu huo akastaafu.

Mtu anaweza kusema kwamba Johansson aliupata umaarufu wake kwa sababu alikuwa mchangamfu mbele ya vipaza sauti, na Ljungskog alikuwa mtulivu. Sikubaliani na maelezo ya aina hii, ambayo humgeuza mwanamichezo kuwa mkosaji wa kutojulikana kwake. Klüft alipendwa kwa uchangamfu wake, ni kweli, lakini uchangamfu wake ulionekana kwa sababu kamera zilikuwa mbele yake kwa siku mbili mfululizo, kuanzia kuruka viunzi hadi mita 800. Kamera haikukaa na Ljungskog muda wa kutosha kujua kama ni mchangamfu au la. Tena hata Olimpiki haikumhakikishia Johansson ukurasa wa mbele peke yake: siku ile ile ya fedha yake ya Rio, tarehe 7 Agosti 2016, Sarah Sjöström aliogelea mita 100 za kipepeo kwa rekodi ya dunia akatwaa dhahabu. Tofauti ni kwamba siku hiyo Waswidi walikuwa wamekwisha kuwasha televisheni, wakimsubiri Sjöström, na waliposubiri waliona baiskeli.

Wala nisieleweke kwamba umaarufu ni zawadi isiyo na mzigo. Wiki mbili baada ya Johansson, Jenny Rissveds alitwaa dhahabu ya baiskeli za milimani katika michezo hiyo hiyo ya Rio, akiwa na miaka 22. Baadaye alieleza hadharani kwamba aliingia katika sonona, akakaa pembeni ya mashindano kwa muda mrefu, na aliporudi akashinda duru ya Kombe la Dunia huko Lenzerheide mwaka 2019. Ljungskog aliepushwa na dhoruba ya namna hiyo. Lakini aliepushwa pia na wadhamini, na katika mchezo ambao haukuwa na mshahara wa kima cha chini, mdhamini ndiye aliyeamua kama utaendesha mwaka ujao au utatafuta kazi nyingine.

Hali ya sasa ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba tatizo halikuwa kwake. Tour de France ya wanawake ilipofufuliwa mwaka 2022, ikioneshwa moja kwa moja mchana wa Julai, mamilioni ya watu waliitazama na majina ya waendesha baiskeli wa kike yakaanza kujulikana katika nyumba ambazo hazikuwa na baiskeli hata moja. Uswidi, kwa upande wake, imekwenda mrama kidogo. Tangu mwaka 2006 Vårgårda, jirani na kijiji cha akina Pettersson, ilikuwa mwenyeji wa mbio za Kombe la Dunia la wanawake na baadaye za ligi kuu ya dunia. Ilikuwa nafasi adimu kwa Mswidi wa kike kucheza kwao, mbele ya watu wanaojua maana ya kukata upepo. Mbio hizo zilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2022, yaani zilikufa mwaka ule ule ambao dunia nzima ilianza kuzitazama mbio za wanawake. Mimi hulihesabu hilo kuwa kosa kubwa zaidi la mchezo wa baiskeli wa Uswidi katika karne hii.

Mijadala ya nani mkubwa kati ya hao wawili haitakoma, na wengi watampa Johansson kwa sababu ya uthabiti wake wa muongo mzima: ushindi wa mbio za Omloop Het Nieuwsblad za Ubelgiji mwaka 2010 na 2011, za Trofeo Alfredo Binda za Italia mwaka 2014, na majukwaa yasiyohesabika akipambana na Vos katika miaka bora ya Vos. Ni hoja nzito, na mtu akinishikilia nitakubali kwamba katika siku mia za kawaida za mashindano ningemchagua Johansson awe katika timu yangu. Lakini kura yangu naiweka kwa Ljungskog. Mara mbili, kwenye njia mbili zisizofanana, akiwa na wasaidizi wachache kuliko wapinzani wake, na mara ya pili akiwa amevaa jezi iliyomfanya alengwe na kila mtu, alifika mita za mwisho akiwa na nguvu aliyokuwa ameificha, na hakuna aliyempita. Johansson alifika hapo mara nyingi zaidi, na mara nyingi kulikuwa na gurudumu moja mbele yake.